Pingamizi Si Hukumu

Hapa Karatu nimewaona mara nyingi wazee wakirudi kutoka mahakamani Arusha wakisema, "Tumeshindwa." Ukiwauliza jaji alisema nini juu ya shamba lao, hawana jibu, kwa sababu hakusema lolote. Wakili wa upande wa pili alileta pingamizi la awali, kesi ikaondolewa, nao wakapanda basi. Mimi nasema wazee hao hawakushindwa. Hawakusikilizwa, na sehemu ya kosa ni yetu wenyewe.

Mwaka 1969 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, katika shauri la Mukisa Biscuit, iliweka kanuni ambayo majaji wetu wanaifuata hadi leo. Pingamizi liwe hoja ya sheria tupu, na linapojadiliwa, yote aliyoandika mdai huchukuliwa kuwa ni kweli. Mdaiwa akisema, "Mpaka haukupita pale," huo ni ubishi wa kuletewa mashahidi, wala si pingamizi. Lakini akisema kwamba miaka 12 ya kudai ardhi imepita, au Serikali haikupewa notisi ya siku 90, au mtu mmoja ameshtaki kwa niaba ya wanakijiji wote bila ruhusa ya mahakama, hapo ameshika sheria, na machozi hayatamjibu.

Nimesahihisha mitihani miaka mingi. Mwanafunzi aliyeulizwa mito akaandika milima, hata kwa mwandiko mzuri, alipata sifuri, kisha alilalamika kwamba anaonewa. Nasi ndivyo tunavyofanya. Tunaulizwa tarehe, tunajibu habari za makaburi ya babu zetu. Makaburi yana siku yake. Siku ya pingamizi, fungua hati ya madai, umwonyeshe jaji aya yenye tarehe. Kama aya hiyo haimo, kosa lilifanyika siku ya kuandika.

Wapo mawakili wanaoleta pingamizi kwa kila kitu ili kuchosha watu maskini. Hao majaji wa 1969 waliwakemea, kwamba wanaongeza gharama na kuvuruga hoja. Katiba nayo, ibara ya 107A, inakataza mahakama kufungwa mno na masharti ya kiufundi. Ila ndugu zangu, ibara hiyo si dawa ya kila ugonjwa. Haifufui dai lililopitwa na muda.

Anayedhani Serikali ikiweka pingamizi mambo yamekwisha, na atazame shauri la barabara ya kupita Serengeti kwenda Loliondo. Mwaka 2010 shirika la ANAW la Nairobi liliishtaki Tanzania katika Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha. Serikali ikapinga kwamba mahakama haina mamlaka. Mwaka 2011 pingamizi likakataliwa, Serikali ikakata rufaa, shauri likaendelea, na mwaka 2014 wadai wakashinda. (Watu wa Loliondo walihitaji barabara, nami nawaunga mkono, hapa nazungumzia pingamizi tu.)

Tangu 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, basi hatuna tena udhuru wa kutoelewa. Kesi iliyoondolewa kwa kasoro yaweza kurekebishwa na kufunguliwa upya kama muda bado upo. Iliyotupiliwa mbali hairudi pale pale. Njia yake ni rufaa, nayo ina siku zake. Muulize karani ni ipi kati ya hizo mbili, uchukue nakala ya uamuzi, ndipo uende stendi.