Mtandao Kileleni, Kimya Makorongoni

Desemba 2022 intaneti ya TTCL ilifikishwa Kilele cha Uhuru, mita 5,895 juu ya bahari. Ni jambo la kujivunia; mgeni aweza sasa kuwaonyesha jamaa zake theluji (hiyo iliyobaki) papo hapo. Lakini mama auzaye ndizi katika makorongo ya Kibosho au Marangu, ambako mgongo wa kilima hukinga mawimbi ya mnara, yeye amepata nini?

Wako wataalamu wa ofisini wanaotujibu kwa ramani zilizopakwa rangi, wakidai kila kata imefikiwa. Ramani hainunui ndizi! Mnunuzi wa Moshi mjini akatwapo fedha katika simu yake na ujumbe usimfikie muuzaji, mzigo ama huondoka kwa imani tupu ama huozea njiani. Hasara humwangukia mkulima, wala si kampuni.

Mwaka 2021 Serikali haikusita kuweka tozo katika kutuma na kutoa fedha kwa simu. Basi isisite kuzilazimisha kampuni kujenga minara midogo makorongoni, kuweka umeme wa akiba wa kutosha, na kurudisha fedha zilizokwama siku ile ile, bila kumzungusha mwananchi kaunta hadi kaunta.