Babu Alikuwa Dresa, Tuandike Hivyo

Ukoo wetu unajenga upya kaburi la babu yake baba, kule Mbagala. Mchango ni shilingi 20,000 kwa kila mtu, na mimi nimeshatoa kwenye bumu. Kinachonikera ni maneno wanayotaka yachongwe kwenye jiwe: "Daktari wa Upasuaji, Hospitali ya Sewa Haji."

Nimekua na hadithi hiyo. Sekondari niliwaringia wenzangu nayo kweli kweli, mpaka siku bibi aliponiambia, huku anachambua mchele, kwamba baba mkwe wake alikuwa dresa. Alichemsha visu na mikasi, alisafisha na kufunga vidonda, alishika taa mzungu akipasua. Siku mzungu hayupo, alishona mwenyewe.

Hebu tuhesabu, hasa ninyi mnaosoma Historia. Hospitali ya Sewa Haji ilianza 1897 kwa fedha za mfanyabiashara Mhindi wa Bagamoyo. Wazungu walikuwa na yao, Ocean Road. Mtanganyika mweusi aliyeutaka udaktari ilibidi aende Makerere, na waliopata nafasi hiyo walikuwa wa kuhesabika. Chuo cha udaktari cha hapa Dar kilianza 1963, uhuru ukiwa na miaka miwili. Babu keshastaafu. Angeusomea wapi huo upasuaji?

Baba mdogo aliniambia, "Mwanangu, elimu yako isituvunjie heshima." Namheshimu, shikamoo yake iko palepale. Lakini jamani, tukimwita daktari tunawasafisha waliomfungia mlango. Mtoto atakayesoma lile jiwe mwaka 2060 ataamini mlango ulikuwa wazi kwa wote, na aliyebaki nje alikuwa mvivu tu. Halafu mimi, mwalimu mtarajiwa, nitasimama darasani kufundisha ukoloni kwa uso gani?

Na nani kasema dresa ni aibu? Kwa miaka mingi, kwenye hospitali nyingi za wilaya nchini, akina mama wamefanyiwa upasuaji wa uzazi na madaktari wasaidizi, si mabingwa. Watoto wako hai. Wengine pengine tumekaa nao hapa Chang'ombe tukigombea viti vya maktaba.

Kwenye kundi la familia nimependekeza: "Dresa, Hospitali ya Sewa Haji. Alishona wengi." Tiki za bluu zimejaa, jibu hakuna, isipokuwa bibi, ambaye hajui kuandika, katuma sauti ya kucheka. Fundi anataka maneno kabla ya Ijumaa.