KOCHA SIYO MENTA, NA KUFOKA SIYO VYOTE VIWILI

1/7
Leo sizungumzii chanjo wala kliniki. Leo nina ugomvi.

Siku hizi kila mtu ni kocha, kila mtu ni menta. Kuanzia Kayanga mpaka Murongo, magrupu ya WhatsApp yamejaa matangazo: lipia upate menta wako, lipia ujitambue. Unatuma hela ya kahawa au ya maharage, unaingizwa kwenye grupu la watu kibao, unatumiwa sauti za kukutia moyo asubuhi na jioni. Hakujui jina, hajui una mtoto wa miezi miwili. Huyo siyo kocha wala siyo menta. Huyo anauza maneno, na bando la kuyasikiliza unanunua wewe.

2/7
Tuelewane kwanza.

Kocha tunamjua mpirani. Anakaa pembeni, mpira unacheza wewe. Anakuangalia, anakuuliza, mnashughulika na jambo moja kwa muda mnaoujua. Si lazima awe alifunga magoli kukuzidi.

Menta ni mtu aliyetangulia kwenye njia unayotaka kupita. Anakupa uzoefu wake, anakuonyesha penye shimo, anakupeleka kwa watu anaowafahamu. Mnaweza kwenda naye miaka. Neno lenyewe lilikuwa jina la mtu: katika hadithi za kale za Wagiriki, Odysseus alipokwenda vitani alimwachia rafiki yake Mentor nyumba yake aiangalie.

Kocha anakuuliza: unataka kufika wapi, na kesho utafanya nini? Menta anakuambia: mimi nilipita hapa, nilivuka hivi.

3/7
"Nesi, unabana maneno tu, tofauti ina faida gani?" Njoo wodi ya wazazi uione.

Mama wa mtoto wa kwanza, chuchu zimechubuka, analia, anataka maziwa ya kopo. Ukianza kumsimulia ulivyonyonyesha watano wako, humsaidii. Saa hiyo anahitaji kocha. Kaa naye. Muulize: unaumia wapi? Mdomo wake umefunguka vizuri? Kidevu kimegusa titi? Mdomo wa chini umegeuka nje? Mwache yeye mwenyewe amtoe mtoto, amweke tena, kwa mikono yake. Akifaulu mara mbili mbele yako, na usiku wa manane nyumbani ataweza, wakati wewe haupo.

4/7
Wiki sita baadaye ni habari nyingine. Kunyonyesha anajua, ila msimu wa kahawa umefika, au ni mwalimu na likizo inaelekea kuisha. Sasa anahitaji menta: mama aliyepita hapo, amweleze alivyokamua maziwa, alivyoongea na mwajiri, alivyopanga na mume wake. Huyo ndiye atamwambia kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, na 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Wasichana wengi wanarudi kazini mapema kwa sababu tu hakuna aliyewaambia.

5/7
Hapa nitaudhi wakubwa. Umri peke yake haukufanyi menta. "Sisi tuliwapa maji na uji wa mwezi mmoja, mbona mmekua?" Bibi yangu, tuliokua ndio tupo hapa kubishana. Waliokufa kwa kuharisha hawana wa kuwasemea. Miezi 6 ya kwanza ni maziwa ya mama tu, hata maji hapana, isipokuwa dawa aliyoandikiwa. Menta wa kweli anajua uzoefu wake unaishia wapi. Akifika hapo anasema: mwanangu, hili twende tukaulize zahanati.

6/7
Na sisi manesi tusijifiche. Binti katoka chuo, kapangiwa zahanati ya mbali kule Kyerwa. Akikosea anafokewa mbele ya wagonjwa, halafu tunasema "tunamjenga". Tunamjenga nini? Mwaka 1984 muuguzi wa Marekani, Patricia Benner, aliandika kitabu kikionyesha kwamba muuguzi hupita ngazi tano, kutoka mgeni wa kazi mpaka mbobezi. Hakuna ngazi inayopandwa kwa matusi. Huyo binti anahitaji kocha wa kusimama naye siku anayojifunza kumpumulisha mtoto aliyezaliwa hajalia. Anahitaji pia menta wa kumwambia asikate tamaa, arudi kusoma, na aanzie wapi. Akikosa wote wawili, atajifunza kitu kimoja tu: kuficha makosa. Na siku atakayoficha, aliye kitandani anaweza kuwa wewe.

7/7
Kabla hujatuma hela, muulize huyo kocha au menta wako maswali matatu:

Moja, tunashughulika na jambo gani, na tutajuaje limeisha? Kocha lazima awe na jibu.

Mbili, hii njia uliipita wewe, na ni nani hapa ananijua aliyekuona ukipita? Menta lazima awe na jibu.

Tatu, nikikwama saa nane usiku, unanifahamu kwa jina?

Akibabaika, hela yako nunua mayai, wewe na watoto mle. Kisha angalia jirani. Yule mama wa kikundi cha kuweka na kukopa aliyesomesha watoto kwa migomba na kahawa hajaweka tangazo popote. Mwombe nusu saa, nenda na jembe, mpalilie pamoja huku anakusimulia. Na ukitaka kurekebisha jambo moja tu, unyonyeshaji, uzazi wa mpango au lishe ya mtoto, njoo kliniki. Ukimkuta nesi anafoka, mwambie kwa upole: dada, mimi nimekuja kufundishwa.

Mtumie mwenzako aliyejifungua juzi.