Rika na Cheti

Watu wa Soitsambu, katika tarafa ya Loliondo, wilaya ya Ngorongoro, hawana haja ya kufundishwa na mgeni maana ya rika. Kwani tangu zamani zisizo na tarehe Wamasai wameyapanga maisha yao kwa rika, layoni na layoni mwenzake, morani na morani mwenzake, mzee na mzee mwenzake, na kila rika lina laigwanani wake wa kulisemea na kulionya, hata mtu akiulizwa umri hataji miaka, bali huwataja waliotahiriwa pamoja naye, na jawabu hilo humtosheleza kila mwenye kuuliza. Kwa sababu hiyo mashindano ya dunia ya riadha ya vijana walio chini ya miaka 20, ambayo msingi wake wote ni kwamba si insafu kumpima kijana kwa kipimo cha mtu mzima, ni jambo ambalo mzee wa hapa hulifahamu upesi kuliko watu wengi waliosoma. Walakini rika la mashindano hayo halithibitishwi kwa ushahidi wa wenzi. Huthibitishwa kwa karatasi, na mlango ambao watoto wetu wanaugongea bure ni huo.

Mashindano hayo yalianza Athens, Ugiriki, mwaka 1986, na aghalabu hufanyika kila baada ya miaka miwili. Mwaka 2021, baada ya kuahirishwa kwa sababu ya maradhi ya korona, yalikuja Nairobi, katika uwanja wa Kasarani, mji ambao ukipimwa kwa mstari ulionyooka u karibu na Soitsambu kuliko Dar es Salaam. Huko Kasarani kijana wa miaka 17, Emmanuel Wanyonyi, ambaye utotoni alichunga ng'ombe za watu apate riziki, alishinda mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 43.76, akaweka rekodi ya mashindano. Miaka mitatu baadaye alivaa dhahabu ya Olimpiki mjini Paris. Kabla yake, mwaka 2006 mjini Beijing, taji hilohilo lilikuwa la David Rudisha, kijana wa Kimasai wa Kilgoris, upande wa pili wa mpaka huu tunaoishi kando yake, ambaye mwaka 2012 katika Olimpiki ya London alikimbia kwa dakika 1 na sekunde 40.91, na hadi ninapoandika haya hakuna binadamu aliyeupita muda huo. Nyasi alizokanyaga Rudisha utotoni na nyasi za Soitsambu ni nyasi za namna moja, na ng'ombe huzivuka kwenda na kurudi bila ya kuulizwa hati.

Asubuhi moja ya Mei, wakati shule zilipokuwa zikijiandaa kwa michezo ya UMISSETA, nilimwona mwalimu mmoja wa kwetu akitengeneza kiwanja cha mbio. Hakuwa na futi ya kupimia ila kamba ya katani aliyoipiga mafundo kila baada ya mita tano. Akachomeka kigingi, akafunga ncha ya kamba, akazunguka nayo huku mwanafunzi mmoja akimfuata na kumwaga majivu ya jiko la shule mahali fundo lilipopita, na hivyo ndivyo kona ilivyopatikana. Uwanja ule umelala upande, hata anayekimbia hupanda kilima kidogo katika kila mzunguko na kukishuka katika kila mzunguko. Kijana mmoja mrefu alivua makatambuga yake, akayaweka pamoja na fimbo yake pembeni ya mstari kwa utaratibu, kama mtu aingiaye msikitini, akakimbia mizunguko minne bila kiatu ilhali mwalimu akitazama saa ya simu yake. Sitautaja muda alioupata, maana kiwanja cha kamba si kiwanja cha kuapia; ila nilimwona mwalimu akiitazama simu mara mbili.

Kisha akafungua daftari, maana fomu ya wilaya inataka tarehe ya kuzaliwa.

"Mwalimu, ni mwaka ule ng'ombe walipokwisha," alisema kijana.

Kila mtu wa huku anaujua mwaka huo: ni ukame wa 2009, uliozagaza mizoga kuanzia Longido hadi Loliondo. Mwalimu akaandika 2009; na kwa kuwa siku na mwezi havikujulikana, akaandika tarehe 1 Januari, kama alivyowaandikia wengi kabla yake katika ukurasa uleule. Simlaumu hata kidogo. Yeye alikuwa akijaza nafasi iliyoachwa wazi na watu wengi waliomtangulia, na kama asingeijaza, kijana asingekimbia hata katika ngazi ya wilaya.

Amma nani hudhurika na tarehe hiyo ya kubuni? Mashindano ya Agosti 2026, yaliyopangwa kufanyika Eugene, Marekani, mahali ambapo Joshua Cheptegei wa Uganda alipata taji la vijana la mita 10,000 mwaka 2014, huwapokea waliozaliwa kuanzia 2007 hadi 2010, wala hayampokei mwingine. Mwaka mmoja ukiandikwa nyuma, mlango hufungwa mbele ya mwenye haki. Ukiandikwa mbele, kijana asiye na hatia huonekana mghushi, na aibu yake huangukia bendera. Na mara nyingi karatasi alizo nazo mtoto hazipatani: kadi ya ubatizo yasema hili, rejista ya shule yasema lile, hata afisa wa pasipoti akizilinganisha hana budi kuzikataa zote. Serikali imefanya jambo la kusifiwa kwa kuanzisha mpango wa kuwasajili walio chini ya miaka mitano katika vituo vya afya na ofisi za kata bila ada, na matunda yake yatavunwa. Lakini mpango huo haumfikii kijana aliyekwisha kuota ndevu, ambaye sharti aanze upya ofisi ya wilaya, na barua ya kijiji, na ushahidi, na nauli, na siku asizozichunga ng'ombe za baba yake.

Tazameni nishani zetu zimetoka wapi. Filbert Bayi, jirani yetu wa Karatu, alimshinda Kipchoge Keino katika mita 1500 mjini Lagos, Januari 1973, akiwa na miaka 19, na mwaka uliofuata akavunja rekodi ya dunia huko Christchurch kwa dakika 3 na sekunde 32.2; zama zake hapakuwa na mashindano ya dunia ya vijana ya uwanjani, lakini kijana aliweza kuonekana mapema. Baada ya kizazi chake tumekuwa taifa la marathoni. Christopher Isengwe alileta fedha kutoka Helsinki mwaka 2005, Alphonce Simbu akaleta shaba kutoka London mwaka 2017, kisha Septemba 2025, Tokyo, akiwa na miaka 33, akaipatia Tanzania dhahabu yake ya kwanza katika mashindano ya dunia ya riadha. Nilifurahi siku ile hadi machozi. Hata hivyo sioni kuwa ni sadfa kwamba fahari yetu yote hiyo imetoka barabarani, kwani marathoni ndiyo mbio ambayo mtu aliyechelewa kuonekana aweza bado kuiwahi, wala haidai kiwanja. Hata Andrew Sambu, aliyetwaa taji la dunia la vijana huko Antwerp mwaka 1991, alilitwaa katika mbio za nyika. Mita 800 haimsubiri mtu. Wala kuruka viunzi, wala kuruka chini, ambavyo sijui ni watoto wangapi wa nyanda hizi wameumbiwa, maana hapana aliyewahi kuwapima.

Wapo wenye kuhofu kwamba kumshindanisha kijana mapema ni kumchosha kabla ya wakati wake, na hofu yao naiheshimu. Wakuu wa riadha wenyewe waliyafuta mashindano ya dunia ya walio chini ya miaka 18 baada ya yale ya Nairobi ya 2017. Bali nawaomba watazame anakokwenda kijana asiye na kiwanja wala cheti. Huenda katika mbio za barabarani za kilomita 21, akatafute fedha ya zawadi bila kocha, na zikikosekana za 21 hukimbia za 42, na mifupa yake ingali laini. Ni nani basi anayemchosha?

Ninaloliomba si uwanja wa mamilioni. Naomba kila tarafa ya Ngorongoro iwe na kiwanja kimoja cha mita 400 kilichopimwa na mpimaji, kikasawazishwa, kikamwagwa murramu, chenye mfereji wa maji ya masika; na naomba msajili wa wilaya apande mwenyewe mara moja kwa mwaka hadi shuleni akiwa na kitabu chake, akae na akina mama na malaigwanani, awasikilize, maana ushahidi upo, nao ni mwingi.

Kwa kijana yule tulijaribu. Tulikwenda bomani kwao mimi na mwalimu, tukamwamkia mama yake, tukamweleza haja yetu. Aliingia ndani, akarudi na mfuko wa plastiki uliofungwa mafundo mawili, na ndani yake kadi ya kliniki iliyoliwa na mchwa pembeni, wino wake wa bluu ungali wasomeka: tarehe 14 Novemba 2009, siku chache baada ya mvua kurudi. Mwalimu akamwuliza kwa upole kwa nini hakuileta shuleni miaka yote hiyo. Alijibu kwamba hapana mtu aliyemwuliza.