Ukisifiwa Usitie Maji: Bia Nyeusi ya Ramisi Inataka Daftari

Wahenga wa Pwani walishamaliza mjadala huu kitambo: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Siku hizi tunamrushia msemo huo mwanasiasa aliyeshangiliwa akalewa sifa, au msanii aliyetoa ngoma moja kali akalala. Lakini hebu urudishe mahali ulipozaliwa, kwenye pombe. Kama wewe ni mmoja wa vijana wanaojaribu kupika bia nyeusi yenye hopsi nyingi kwenye ndoo nyumbani hapo Ramisi, msemo huu ni wako. Adui mkubwa wa bia yako si joto wala maji ya kisima. Ni wale mabeshte watatu wanaokunywa bure na kusema, "Hii ni moto, usibadilishe kitu!"

Wanakudanganya kwa upendo. Na wewe unawaamini kwa sababu umechoka kuosha sufuria.

Tuanze na ukweli mchungu. Bia ya aina hii ina uchungu mara mbili. Upo wa nafaka iliyokaangwa hadi ikawa nyeusi, na upo wa hopsi. Ukiipandisha yote miwili kwa pamoja, unapata kahawa iliyoungua iliyotiwa mwarobaini. Wengi wakionja hivyo wanakimbilia kuongeza kitu: sukari, tangawizi, hamira zaidi. Ndoo ya tatu ina vitu kumi na mbili na hakuna anayejua kipi kiliharibu.

Dawa ni kupunguza na kuhamisha, si kuongeza. Chukua ndoo ya lita 20: kilo 5 za kimea cheupe cha shayiri, gramu 300 za kimea cheusi, gramu 90 za hopsi. Hopsi inayochemka saa nzima inatoa uchungu, harufu yake inapaa na mvuke. Inayoingia dakika 10 za mwisho inaacha harufu. Kwa hivyo usimwage zote mwanzoni. Weka gramu 20 mwanzoni, 30 mwishoni, na 40 ukishazima moto. Kile kimea cheusi kiloweke usiku kucha kwenye maji baridi, chuja, kisha mimina yale maji meusi dakika za mwisho za kuchemsha. Rangi inabaki, ule ukali wa majivu unapungua.

Lakini usifanye yote hayo kwa siku moja! Ndoo hii hamisha hopsi. Ndoo ijayo loweka kimea. Baada ya hapo ndio ujaribu sukari guru, maana kuishi Ramisi bila kufikiria miwa ni kama kuishi Vanga bila kufikiria samaki. Kitu kimoja kwa kila ndoo. Ukibadilisha viwili, bia ikawa tamu, utamshukuru nani?

Halafu kuna mambo ya hapa kwetu ambayo video za wazungu hazikuambii. Hamira nyingi za bia zinapenda nyuzi 18 hadi 22. Chumba cha mabati saa nane mchana kinapita 30. Hamira ikifanya kazi kwenye joto hilo, bia inanuka kama thina na asubuhi kichwa kinagonga. Weka ndoo ndani ya beseni la maji, izungushie gunia lililoloa, badilisha chupa za barafu asubuhi na jioni. Au tafuta hamira ya kienyeji ya Norway inayoitwa kveik, ambayo haiogopi hata nyuzi 35. Maji nayo: visima vingi vya ukanda huu vimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe. Angalia ndani ya birika lenu, ule utando mweupe ni chokaa. Chokaa inavumiliana na nafaka nyeusi, lakini inaufanya uchungu wa hopsi ukwaruze koo. Jaribu ndoo moja kwa maji ya mvua yaliyochemshwa, uone.

Hopsi zenyewe hazioti hapa, kwa sababu zinataka siku ndefu za kiangazi ambazo sisi wa karibu na Ikweta hatuna. Zinaagizwa kutoka nje, na pakiti iliyokaa juani Likoni ikisubiri feri imeshapoteza nusu ya maisha yake. Zihifadhi kwenye friza. Ila usidhani bila hopsi hakuna bia nyeusi chungu. Waethiopia wanapika tella nyumbani kwa nafaka iliyokaangwa na majani machungu ya gesho tangu zamani. Wapishi wa busaa hukaanga unga wa mahindi uliochachuka mpaka ukawa kahawia. Hatuanzi na sifuri.

Sasa, daftari. Andika tarehe, uzito, dakika, joto la chumba, na ladha baada ya wiki mbili na baada ya nne. Guinness ile nyeusi inayouzwa kila baa ya Ukunda ina babu yake: porta iliyotengenezewa safari ndefu ya kwenda visiwa vya Karibi, ikaongezwa hopsi ili isiharibike njiani. Tunajua hivyo kwa sababu mtu aliandika, mwaka 1801. Fundi ambaye hakuandika alikufa na bia yake.

Na wale mabeshte? Wape kazi. Chukua vikombe vitatu vya bati ili rangi isionekane. Viwili tia bia ya ndoo ya zamani, kimoja ya ndoo mpya. Uliza: kipi ni tofauti? Usiulize kipi ni kitamu. Wakishindwa kukitambua, mabadiliko yako ni hadithi tu. Wakikitambua, hapo ndipo pa kuuliza wanapenda kipi.

Unaweza kusema, haya yote kwa ndoo moja ya bia? Ndiyo, kwa sababu jambo lenyewe ni kubwa kuliko bia. Februari 2024, zaidi ya watu 10 walikufa Kirinyaga kwa pombe yenye sumu. Miaka 10 kabla, Mei 2014, methanoli iliua makumi ya watu katika kaunti kadhaa. Ndoo ya kimea iliyochachuka vizuri haileti methanoli ya kuua mtu. Kinachoua ni kemikali ya viwandani ambayo mtu ameiongeza ili kinywaji kipige haraka. Lakini msako ukija, polisi haulizi hayo. Mnazi wa mgema anayepanda asubuhi na jioni unamwagwa pamoja na sumu.

Ramisi hasa haina anasa ya kudharau ufundi. Kiwanda cha sukari kilichovuta vibarua kutoka bara na hata Msumbiji kilifungwa mwaka 1988, na ingawa miwa imerudi, ajira haijatosha vijana. Wapo majirani wengi wasiogusa pombe kwa sababu ya dini, na hilo liheshimiwe: usipikie mlangoni pa mtu. Sheria nayo iko wazi tangu 2010: kutengeneza pombe ya kuuza kunataka leseni, na aliye chini ya miaka 18 hauziwi.

Basi msimamo wetu ni huu. Serikali ya Kaunti ya Kwale itenge njia ambayo mgema wa mnazi na kijana wa ndoo wanaweza kuimudu: mahali pa karibu pa kupima kinywaji, na leseni inayolingana na lita 20, si lita elfu 20. Kumwaga ni rahisi, kupima ndiko kunakookoa maisha. Nawe ukienda kuidai njia hiyo, usiende na sifa za mabeshte. Nenda na daftari lenye kurasa zilizochafuka kwa kimea, linaloonyesha kilichoingia kwenye kila ndoo, na kwamba hakuna kingine kilichoingia.