Geji ya Ndege Nyingine

Agosti 6, 2005, ndege ya ATR 72 ya shirika la Tuninter iliondoka Bari, Italia, kwenda kisiwa cha Djerba, Tunisia, ikiwa na watu 39. Haikufika. Mafuta yaliisha angani, injini zote mbili zikazimika, ndege ikapiga maji nje ya Palermo na kuvunjika. Watu 16 wakafa. Matangi yalikuwa makavu, na geji bado ilionesha kilo 1,800.

Geji hiyo ilikuwa ya ATR 42. Mafundi waliifunga mjini Tunis siku moja kabla, baada ya ile ya awali kuharibika. Orodha ya vipuri ilisema, kimakosa, kwamba inafaa ndege zote mbili, nao wakaiamini. Matangi ya ndege hizo hayalingani, hivyo geji ya moja haiwezi kusema kweli ndani ya nyingine. Usoni mwake paliandikwa kilo 2,250, ujazo wa tangi moja la ATR 42, badala ya 2,500 za ATR 72. Namba hiyo ilikuwa mbele ya macho ya fundi, kisha mbele ya marubani safari nzima. Wala hakuna aliyepima matangi kwa mkono.

Lakini kinachotukera zaidi ni karatasi. Kabla ya kuondoka Tunis kwenda Bari, rubani aliona mafuta yameongezeka na risiti ya kuyatia haipo. Aliuliza. Akaambiwa ndege ilijazwa, risiti ataipata baadaye. Akaruka. Risiti hiyo isingepatikana kamwe, kwa kuwa mafuta hayo hayakutiwa na mtu yeyote. Dakika chache za kuigomea safari zingewaokoa wale 16.

Mwaka 2009 mahakama ya Palermo iliwatia hatiani watu saba. Wapo waliolalamika kwamba marubani walionewa. Hatukubaliani nao. Tunaiunga mkono mahakama hasa kwa kuwa haikuishia kwa marubani, bali iliwafikia mafundi na wakubwa wa shirika. Aliyebaki nje ya kizimba ni mtengenezaji. Geji inayoingia bila shida kwenye ndege isiyo yake ni kosa la usanifu, na hatuoni udhuru wake.

Ndege za ATR 42 na ATR 72 hubeba watu wetu kila siku juu ya bahari na Ziwa Victoria, na yapo mashirika yaliyowahi kuziweka zote mbili katika karakana moja. Mamlaka za usafiri wa anga za Afrika Mashariki ziingie kwenye maghala ya vipuri ya mashirika hayo bila taarifa, zilinganishe kila geji na ndege yake, na zimlinde rubani atakayekataa kuruka kwa kukosa risiti ya mafuta. Asifukuzwe kazi wala kukatwa hata shilingi.