Dar es Salaam Ina Njia, Inakosa Mabasi

Mei 2016, mabasi ya mwendokasi yalipoanza kubeba abiria kati ya Kimara na Kivukoni, Dar es Salaam ilithubutu kufanya jambo ambalo majiji mengi ya Afrika yalikuwa bado yanalijadili kwenye semina. Ilitwaa sehemu ya katikati ya Barabara ya Morogoro, ikaimwagia zege, ikalikabidhi basi peke yake. Mkazi wa Kimara aliyezoea kukaa kwenye daladala saa mbili na zaidi akaanza kufika Posta kabla saa moja haijaisha. Haikuchukua muda, jiji likatwaa Tuzo ya Usafiri Endelevu ya mwaka 2018.

Miaka iliyofuata imeonyesha upande mwingine. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kituo cha Kimara hujaa hadi kwenye ngazi. Basi likiingia, milango haijafunguka vizuri, vijana wameshaparamia madirisha. Mama mwenye mtoto mgongoni huliacha la kwanza, huliacha la pili, na la tatu huingia kwa kusukumwa. Wajanja hupanda basi Korogwe au Bucha likiwa linakwenda Kimara ili wageuze nalo, wakalipa nauli mara mbili kwa ajili ya siti moja. Na wakati wote huo, mita chache kutoka pale watu walipobanana, njia ya zege iko wazi. Haina foleni, haina shimo. Kinachokosekana juu yake ni basi.

Hapo ndipo penye kiini cha tatizo la usafiri wa Dar es Salaam, na ndipo mjadala wa foleni unapopakwepa. Kila msongamano unapozidi, kilio huwa ni kimoja: ijengwe barabara nyingine, iongezwe njia, liinuliwe daraja jingine. Lakini jiji hili limeshajenga njia yenye uwezo wa kubeba watu wengi kuliko barabara yoyote ambayo limewahi kuwa nayo, kisha likaiacha ifanye kazi nusu.

Awamu ya kwanza ya mwendokasi, yenye urefu wa kilomita 21 hivi, ilianza na mabasi 140 kama huduma ya mpito. Mpango kamili ulihitaji mabasi 305. Mwaka 2018 mabasi 70 yaliwasili nchini, yakakwama bandarini kwa mvutano wa ushuru huku abiria wakiendelea kugombania madirisha. Barabara ya Kilwa nayo ikapita njia hiyo hiyo. Ujenzi wa awamu ya pili, kilomita 20.3 kuelekea Mbagala, ulianza mwaka 2019; vituo vikasimama, zege likakauka, na watu wa Mbagala wakaendelea kuning'inia kwenye daladala pembeni ya njia isiyopitiwa, hadi mabasi yalipopatikana mwaka 2025. Mkopo wa kujenga uliendelea kuhesabiwa muda wote huo, iwe basi limepita au halijapita.

Hesabu yenyewe haihitaji mhandisi. Njia moja ya barabara kuu isiyo na mataa hupitisha magari yapatayo 2,000 kwa saa. Kila gari likiwa na watu wawili, hao ni watu 4,000, na penye mataa idadi hushuka sana. Njia hiyo hiyo ikipewa basi la mita 18 lenye abiria 140, likapita moja kila dakika, huvusha watu 8,400 kwa saa. Faida hiyo hutegemea sharti moja tu: basi lije kila dakika. Likija baada ya dakika ishirini, hesabu yote huanguka, na mwenye uwezo hukopa anunue gari lake. Foleni inayofuata huwa imezaliwa hapo kituoni.

Hili halifuti thamani ya kazi kubwa iliyofanyika. Daraja la Mfugale pale Tazara, lililofunguliwa Septemba 2018, liliwaondolea wanaokwenda uwanja wa ndege mateso ya miaka mingi. Barabara za juu za Kijazi pale Ubungo, zilizoanza kutumika mwaka 2021, zimetenganisha kwa ngazi tatu magari yaliyokuwa yakigombea mataa mamoja. Daraja la Tanzanite, la mwaka 2022, limepunguza mzigo wa Daraja la Selander. Lakini dereva wa Dar es Salaam anajua kinachofuata: anaruka makutano kwa sekunde kadhaa, kisha anakuta foleni imemsubiri mbele, kwenye makutano ambayo hayajapata daraja. Kufungua makutano mamoja huyafikishia mengine magari mengi zaidi kwa wakati mmoja.

Walioamini kwamba upana ndio dawa wameshajaribu, tena kwa fedha nyingi kuliko za Tanzania. Katika mji wa Houston, Marekani, barabara ya Katy ilipanuliwa hadi kufikia njia 26 ukihesabu na zile za pembeni, kazi ikakamilika mwaka 2008 kwa takriban dola bilioni 2.8. Haikupita miaka mingi, muda wa safari za asubuhi na jioni ukaanza kurefuka tena. Barabara pana huvuta nyumba na maduka mbali zaidi, na kila anayehamia huko huja na gari lake.

Jirani zetu wa Nairobi wameliona hilo kwa karibu. Barabara Kuu ya Thika, yenye kilomita 50 hivi, ilifunguliwa mwaka 2012 kwa shangwe, na mji ukakimbilia Ruiru na Juja. Mwaka 2018 ikachorwa mistari myekundu kutenga njia ya mabasi ya kasi. Mabasi hayakuja. Mei 2022 ikaja barabara ya juu ya kulipia, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands: mwenye fedha hupita juu, na abiria wengi wa matatu wamebaki chini na foleni yao.

Dar es Salaam ina ugumu wake pia. Barabara nne kubwa, yaani Bagamoyo, Morogoro, Nyerere na Kilwa, zote humiminika upande mmoja, katikati ya jiji na bandarini. Mandela na Sam Nujoma ndizo zinazoziunganisha kwa nje, na kwenye Mandela hupita pia malori yanayopeleka mizigo Zambia, Kongo, Rwanda na Burundi. Sensa ya 2022 ilihesabu watu milioni 5.38 katika mkoa huu, milioni moja zaidi ya ile ya 2012. Wengi wao wanaishi mitaa iliyokua bila ramani, yenye vichochoro visivyopitisha hata bajaji mvua ikinyesha. Kwa hiyo hata mtu anayekwenda mtaa wa pili hulazimika kutokea barabara kuu. Mradi wa uendelezaji wa jiji, DMDP, uliotengeneza barabara za mitaa na mifereji Temeke, Ilala na Kinondoni haukupata sifa za madaraja, ingawa kila barabara ya mtaa inayopitika huipunguzia barabara kuu magari yasiyokuwa na sababu ya kuwa pale.

Halafu kuna usimamizi wa kila siku. Taa ni nyekundu, askari anaruhusu. Taa ni kijani, askari amezuia. Upande mmoja hushikiliwa hadi foleni irudi kilomita mbili nyuma, wenye haraka wanaanza kutanua kwenye kingo za barabara, na aliyetanua anarudi kuchomekea mbele ya wenzake. Askari huyo anafanya kazi ngumu juani, lakini haoni makutano yanayofuata. Mataa yanayowasiliana, yakiongozwa kutoka chumba kimoja na kulipatia basi kipaumbele, yangegharimu sehemu ndogo tu ya bei ya daraja moja la juu.

Mipango mibovu nayo ina bei. Karakana ya mabasi iliwekwa Jangwani, ndani ya bonde la Mto Msimbazi linalofurika kila masika, na mafuriko yakaharibu mabasi ambayo tayari hayakutosha. Sasa mradi wa Bonde la Msimbazi, unaotumia mkopo wa Benki ya Dunia, unalenga kuihamisha karakana hiyo na kujenga daraja refu zaidi hapo Jangwani. Jiji linalipa mara ya pili kwa jambo ambalo wakazi wa Magomeni wangeweza kulisema bure.

Wapo waliolipa kwa namna nyingine. Mwaka 2017, ili kupanua Barabara ya Morogoro kilomita 19.2 kutoka Kimara hadi Kibaha, nyumba nyingi zilizochorwa alama ya X zilibomolewa, kwa maelezo kwamba zimo ndani ya hifadhi ya barabara. Familia zilizopoteza paa zinastahili kuona barabara hiyo ikiwabeba watu wote, wakiwemo wasio na gari.

Njia za Gongo la Mboto na Tegeta zinajengwa sasa. Serikali isiruhusu kosa la Kimara na Mbagala lijirudie kwa mara ya tatu. Mkataba wa mabasi uende sambamba na mkataba wa zege. Mwendeshaji apimwe kwa dakika ambazo abiria anasubiri, akatwe malipo anaposhindwa, na asiwe mmoja asiye na mpinzani. Daladala zinazoondolewa barabara kuu zipewe rasmi kazi ya kuleta abiria kutoka mitaani hadi vituoni. Na kabla utepe haujakatwa, wananchi wa Gongo la Mboto na Tegeta watangaziwe mabasi yatakuwa mangapi, ni ya nani, yataanza siku gani, na nani atawajibika yasipofika.